Tupeane uzoefu: chombo cha umeme kuzima ghafla ukiwa barabarani, ni betri au ile programu yake?

Mwanga_Sokoni
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita pale chini stesheni hapa Kigoma nikakuta dereva anasukuma pikipiki ya umeme, abiria kasimama pembeni na mizigo yake, nikamuuliza vipi chaji imeisha? Akanionesha kioo, asilimia 31 bado zipo. Nikakumbuka yaliyonipata kipindi cha mvua. Mnaotumia hivi vyombo, pikipiki, bajaji, hata gari kama mnalo, hebu semeni yenu. Nazungumzia ile akili ya betri wanayoiita BMS, inayoamua yenyewe kukata moto bila kukuuliza. Ukienda kulalamika ulikonunua unaambiwa umeendesha vibaya.

Dada_Gungu
Yangu ilikata usiku, na taa ikazima hapohapo maana taa inakula betri hiyohiyo. Giza totoro, nyuma fuso. Sitaki hata kukumbuka.

Mzee_wa_Migebuka
Aisee umenigusa. Mimi nabeba samaki alfajiri kutoka Kibirizi napeleka Mwanga, siku nyingine Gungu. Kuna mama mteja wangu nilimpakia na ndoo zake mbili na kiroba cha dagaa, kioo kinaonesha robo na ushee, nikajua nafika na kurudi. Tumeanza kupanda mlima pikipiki ikawa nzito nikaongeza moto, nikasikia tu "ta!" ndani ya boksi la betri chini ya kiti, kioo kikawa cheusi, navuta mkono hakuna kitu. Hujakaa sawa tayari inarudi nyuma. Ya mafuta ikizima unaiacha kwenye gia inashika, hii haina gia, inateremka tu. Breki ya mbele nimeikamata yote lakini mzigo umelalia nyuma, tairi la mbele limekuwa jepesi linateleza kwenye vikokoto, mama anapiga kelele baba nishushe baba nishushe, na nyuma yetu lori linapanda naziona taa zake. Nikailaza makusudi upande wa mtaro. Migebuka ikatapakaa lami nzima, mama akachubuka kiwiko na goti, mimi mguu ukabanwa chini ya boksi. Dereva wa lori alikwepa akasimama mbele akashuka kutusaidia, Mungu ambariki popote alipo. Sasa sikia kilichoniuma. Tumeinuka, tunafutana damu, nimegusa swichi, ikawaka! Kioo kinasema asilimia 24! Nikaipeleka kwa walioniuzia, kijana akachomeka kompyuta akaangalia weee, akasema "mfumo umefanya kazi yake mzee, umelinda betri". Umelinda betri. Na yule mama alilindwa na nani?

Dada_Gungu
Pole sana baba. Hilo swali la mwisho ndilo lenyewe.

Kilometa_Moja
Duh. Pole mzee wangu.

Boda_Mafuta
Ndo maana mi nasema kila siku rudini kwenye petroli. Injini haina akili ya kukukatia njiani.

Katubuka_Dogo
@Boda_Mafuta petroli utaninunulia wewe? Kwa hesabu ya siku mimi hiki chombo kinanilipa, sijaja hapa kukiacha, nimekuja kujua kwa nini kinazima. Na yako ikichafuka kabureta haizimi?

Boda_Mafuta
Inazima, ila inakohoa kwanza. Unapata muda wa kusogea pembeni.

Mwanga_Sokoni
Hapo amesema kweli jamani tusimrushie mawe. Hata kupunguza nguvu taratibu na kupiga alamu kungetosha, wanashindwa nini.

Isevya_Tabora
Mwangaluka wana Kigoma. Huku Tabora hatuna milima yenu, sisi mateso yetu ni joto. Mwezi wa kumi jua la hapa mnalijua. Bajaji imeshinda stendi juani, unarudi nyumbani kuchomeka chaja haipokei, taa ya kijani tu inakutazama. Walioniuzia wakasema chaja imekufa, nikanunua nyingine, yaleyale. Fundi mmoja wa Ng'ambo ndo kaniambia hizi betri nyingi programu inakataa kuchaji seli, vile vibetri vidogo vya ndani, zikipita nyuzi 45, iache kivulini ipoe kwanza. Hela ya chaja hakuna aliyerudisha. Na ukibeba abiria wanne kwenda Ipuli saa nane mchana inakuwa inatambaa, wanashuka wanapanda nyingine.

Kasulu_Juu
Wote mnaongelea kupanda, mimi yangu ni kushuka na naona ni hatari zaidi. Pikipiki yangu ukiachia moto ile mota inasaidia breki, inarudisha umeme kwenye betri. Sasa nikichaji usiku hadi mia, asubuhi naanza safari na mteremko, betri imejaa haina pa kuuweka huo umeme, programu inakata msaada wa mota, sina taarifa yoyote kwenye kioo. Mwili umezoea kwamba ukiachia tu inashika, leo unaachia inaenda. Kwenye kona.

Fundi_Ujiji
Nifafanue kidogo maana naletewa nyingi za namna hii. Chukua betri ya volti 72 aina ya LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, ndani mara nyingi ni makundi 24 ya seli yamepangwa mfululizo. BMS inapima kila kundi peke yake. Likichoka moja tu, ukipanda mlima na mzigo umeme unavutwa mwingi, volti ya hilo kundi inadondoka, ikifika karibu 2.5 BMS inakata betri yote hata kama mengine 23 ni mazima. Ukisimama mzigo umetoka, volti inapanda tena, ndo maana ya mzee iliwaka. Na ile asilimia kwenye kioo ni makadirio. LFP volti yake hukaa karibu palepale kuanzia juu mpaka karibu na mwisho, programu inakisia, ikikisia vibaya kwa muda mrefu inapotea kabisa. Jazeni hadi mia mara kwa mara na muiache kwenye chaja kidogo ijisawazishe.

Masanga_Msomi
Acha kupotosha watu fundi. Kila mahali wanasema usivuke 80, betri inazeeka.

Fundi_Ujiji
Kila mahali wanaongelea betri za nikeli, zile seli za volti 3.6 au 3.7. Soma stika. Ikisema seli 3.2 hiyo ni LFP, inahitaji kujazwa ili programu ijue ilipo. Nani kapotosha?

Masanga_Msomi
Stika ya yangu imeandikwa Kichina tupu.

Fundi_Ujiji
Namba hazina Kichina. Na @Kasulu_Juu wewe toa kwenye chaja ikiwa 90 siku za kuanza na mteremko.

Isevya_Tabora
Sasa tushike lipi, mia au 90 😂

Katubuka_Dogo
Kuna jamaa huku anairuka hiyo BMS, anaunga waya moja kwa moja, haizimi tena mlima wowote. Anayetaka aje inbox.

Dada_Gungu
Dogo usituletee msiba. Watu tunalala na hizi pikipiki sebuleni na watoto.

Fundi_Ujiji
@Katubuka_Dogo futa hiyo komenti. Ukiiruka, chaja itaendelea kusukuma kwenye kundi lililojaa na mlima utaendelea kunyonya lililokufa. Lithiamu ikishika moto unazima unaona umezima, baadaye inawaka tena. Dawa ni kubadili seli mbovu.

Katubuka_Dogo
Basi wakubwa nimeelewa, jamaa mwenyewe simtaji.

Kilometa_Moja
Yangu haijawahi kuzima ila waliiapdeti kupitia simu bila kuniambia, tangu hapo Ujiji kwenda na kurudi inaisha mapema kuliko zamani. Nimeuliza wakasema ni kwa usalama wangu.

Masanga_Msomi
Hilo limetokea hata kwa wakubwa. 2019 wenye Tesla Model S waliletewa programu mpya baada ya magari kadhaa kuungua, masafa yakashuka, wakaenda mahakamani kule California, 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5, kila mmoja 625. Na Hyundai Kona ya umeme, 2020 walianza kwa kurekebisha programu ya betri, Januari 2021 gari lililokwisharekebishwa likaungua Korea, mwezi uliofuata wakatangaza kubadili betri magari kama 82,000 duniani. Kwa hiyo kijana akichomeka kompyuta na kukwambia "tayari", muulize seli ameipima?

Mwanga_Sokoni
Hii nimeipenda. Wa Kigoma tukutane Jumatatu asubuhi tupeleke malalamiko kwa maandishi, kwanza kwa muuzaji, wakitupuuza Tume ya Ushindani. Kila mtu aandike kioo kilisoma asilimia ngapi, ulikuwa mlima au tambarare, umebeba nini, jua au mvua, na kama kuna aliyeumia. Picha za kioo kama unazo. Tudai mawili, ipunguze nguvu taratibu na kupiga alamu kabla ya kukata, na wasibadilishe programu bila kutuuliza.

Isevya_Tabora
Ongezeni la tatu, taa isizime.

Dada_Gungu
Hiyo ya taa iwe ya kwanza.

Mzee_wa_Migebuka
Nakuja, na yule mama nakuja naye. Goti limepona ila samaki wake hajalipwa mpaka leo, amesema anataka kuongea mwenyewe na huyo kijana wa kompyuta.