Tupeane uzoefu: uliyelala hoteli za bei ya chini Trento na miji ya jirani kule Alps, njoo uweke ya kwako

Kibosho_Juu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naulizwa sana pembeni na watu wanaokwenda Italia ya kaskazini kwa kozi, mikutano au kuona ndugu, kwamba Trento mtu analala wapi kwa hela ndogo na hizo hoteli za nyota mbili zikoje, nikaona nifungue uzi kila mtu aweke yake. Orodha za hoteli sizihitaji, hizo mnazo kwenye simu, nataka mtu aseme alifika saa ngapi, nani alimfungulia mlango, alilalaje, alikula nini. Naanza mimi.

Nilikwenda mwezi wa kumi na moja, kozi ya wiki mbili chuo kikuu cha pale. Jina la Trento nililisikia toka mafundisho ya kipaimara, ule Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, wa 1545 mpaka 1563, ila sikuwahi kuwaza kwamba ni mji wa watu wenye stendi ya basi na wanafunzi na baiskeli. Nikabuku hoteli ya euro 58 kwa usiku, chai ya asubuhi imo, dakika sita kwa mguu toka stesheni ya treni. Ndege ikatua Malpensa imechelewa, Milano treni yangu ikawa imeshaondoka, Verona nikasubiri tena, Trento nimeingia saa tano na dakika kumi usiku. Mvua nyembamba, baridi ya kuingia mifupani, mbele ya stesheni pana bustani yenye sanamu kubwa ya Dante na hakuna mtu. Nafika hotelini mlango umefungwa, taa moja inawaka ndani, kikaratasi kimebandikwa kwenye kioo kwa Kitaliano. Risepsheni inafungwa saa nne. Kumbe mchana walishanitumia imeili yenye namba za kufungulia kisanduku cha funguo, na mimi laini yangu ya bongo bando la nje sijaweka, sioni kitu.

Nikarudi mtaa wa pili ambapo nilipita nikaona kibanda cha kebabu, jamaa Mpakistani anafagia anataka kufunga. Kiingereza chake kidogo na mimi Kitaliano sina. Nikamwonyesha simu, akaelewa, akawasha hotspoti ya simu yake, imeili ikaingia. Nikashukuru nikageuka niondoke, akaacha ufagio akanifuata mpaka mlangoni kwa sababu aliona mikono inatetemeka kwa baridi siwezi hata kubonyeza vile vitufe, akabonyeza yeye, akatoa funguo akanikabidhi, akaondoka. Hela alikataa. Siku zote zilizobaki nilikuwa napita pale jioni hata kama nimeshiba nanunua soda, na siku ya kuondoka nilimwachia kahawa ya Kilimanjaro niliyokuwa nimembebea mwalimu wangu wa kozi. Mwalimu nilimwambia ukweli na akaelewa.

Chumba kilikuwa kidogo lakini kisafi mno, kitanda kimoja, duveti, hita ya kupashia chumba joto chini ya dirisha. Hilo dirisha nalo mjue mapema: nimegeuza kitasa kikaangalia juu, dirisha zima likaniinamia kwa upande wa juu, nikalishika kwa mikono miwili nikijua nimeharibu mali ya watu usiku ule. Ndivyo yalivyo ya huko. Kitasa kikilala unafungua kama mlango, kikiangalia juu linainama kidogo kuingiza hewa, kikishuka chini limefungwa.

Asubuhi chai yao ni kapuchino, yaani kahawa ya maziwa, na kornetto, kile kimkate kitamu chepesi, basi. Mama mwenye hoteli aliniona nimemaliza viwili naangalia meza, kesho yake nakuta kaniwekea yai na jibini na mkate wa kawaida pembeni, na hakuniongezea senti mpaka naondoka. Hoteli hizi nyingi ni za familia, baba yuko kaunta, mama jikoni, mtoto anashughulika na kompyuta, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kuu kuliko bei. Ila kabla hujalipa uliza risepsheni inafungwa saa ngapi, na ukiingia usiku unapataje funguo. Hilo ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Bint_Pangani

Kaka Kibosho pole sana na usiku huo, nimesoma nikaumia. Mimi nipo Verona mwaka wa tisa sasa, nahudumia bibi mmoja mzee, na Trento ni saa moja kwa treni kwa hiyo nikipata off mbili nakimbilia huko nikapumue. Niongeze ya makaratasi maana watu wanashtuka wakifika.

Ukifika watachukua pasipoti, ya kila mmoja, hata ya mtoto mchanga. Usigombane nao. Sheria ya Italia inawataka wapeleke majina ya wageni polisi ndani ya saa 24, wanafanya kwa kila mtu awe Mjerumani awe Mtanzania. Na wewe uliyeingia Italia kupitia nchi nyingine ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, tuseme umetua Amsterdam kwanza, unatakiwa kujitaarifu kwamba upo nchini ndani ya siku nane, sasa ukilala hotelini yale maandikisho ya hoteli ndiyo yanahesabika, omba karatasi utunze. Mdogo wangu alilala kwa rafiki tu hakwenda hotelini wala polisi, baadaye alipoulizwa akawa hana cha kuonyesha, tulihangaika naye sana.

Pia kuna kodi ya mgeni kwa kila usiku kwa kila kichwa, mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona kwenye simu, unalipa palepale kaunta. Ni euro chache lakini weka keshi mfukoni.

Kuna na nyumba za masista au mashirika ya dini zinazopokea wageni, wenyewe wanaziita casa per ferie. Ni rahisi, zimetulia, mwanamke anayesafiri peke yake analala usingizi. Ila mlango una saa yake ya kufungwa usiku na hapo habari imeisha. Mimi ndizo nazozipenda, nimelala huko mara nne sasa, mara ya mwisho sista mmoja alikuwa amefanya kazi Iringa miaka mingi, aliposikia natoka Tanzania akanisalimia "kamwene", nikalia pale kaunta jamani, miaka tisa sijasalimiwa hivyo na mtu wa kule, na mimi wala si Mhehe.

Kocha_wa_Iten

Niaje watu wangu wa Tanzania, wacha niongeze ya Bolzano, iko kaskazini ya Trento kwa treni hata saa moja haifiki. Mimi huwa naandamana na wakimbiaji wa kwetu, kuna ile mbio ya Bolzano ya tarehe 31 Desemba inaitwa BOclassic, ilianza 1975, na Wakenya wameishinda mara mingi. Mwaka wa kwanza nilienda na vijana wawili, pesa ilikuwa kidogo, tukachukua vyumba kwa hoteli ndogo nyuma ya stesheni.

Shida ya kwanza ni majina. Huko kila kitu kina majina mawili, ya Kitaliano na ya Kijerumani, kwa sababu hiyo sehemu ilikuwa Austria mpaka baada ya vita vya kwanza vya dunia na watu wengi bado wanaongea Kijerumani nyumbani. Hata mji wenyewe ni Bolzano na pia ni Bozen. Sisi adresi yetu ilikuwa na jina la Kijerumani, huyo mzee tuliyemuuliza njia akatuambia jina la Kitaliano, tukazunguka na mabegi karibu saa nzima na ilikuwa tu mtaa huohuo. Andika yote mawili kwa karatasi.

Ya pili ni chakula. Wakimbiaji hawawezi kulala na kimkate kitamu. Chumba haina kettle, hizi hoteli ndogo za Italia nyingi hazina, si kama Uingereza. Tulikuwa tumebeba unga kutoka nyumbani lakini utapikia wapi? Nikashuka nikaongea na mama wa hoteli, mzee wa miaka kama sabini, nikamwonyesha unga. Akaushika, akanusa, akasema "polenta!" Kumbe wao pia wanakula ugali wao wa mahindi, ni wa njano na unga wake ni wa chengachenga, wanapika pole pole kwa muda mrefu. Akatufungulia jikoni. Kijana wangu akasonga ugali mbele yake, ule mgumu wa kwetu, na huyo mama akasimama hapo mkono kiunoni akiangalia mpaka mwisho, halafu akaleta nyama yake ya mchuzi akaweka kwa meza tukakula pamoja. Siku ya mbio alikuja kusimama kando ya barabara. Huyo kijana alimaliza wa tisa na yule mama alimshangilia kama ameshinda.

Tangu hiyo siku mimi nikienda Bolzano silali kwingine, hata kama meneja wa mbio amelipa hoteli kubwa.

Fundi_Umeme_Tanga

Naomba kuuliza tu, plagi zetu zinaingia?

Kibosho_Juu

Haziingii mkuu. Za kwao ni za pini za duara, nyingine tatu kwa mstari mmoja. Umeme ni uleule wa volti 230 kwa hiyo chaja haina shida, beba adapta tu, nunua Kariakoo kabisa, huko nilinunua kwa bei iliyoniuma.

Mama_Mapacha_Tegeta

Mimi naomba niseme na wanaokwenda kiangazi, maana wote mnaongelea baridi. Tulikwenda Julai na watoto wawili wa miaka sita, mume wangu alikuwa na mkutano. Tumesikia Alps, nimebeba masweta begi zima. Jamani Trento iko chini bondeni, mita kama 190 tu toka usawa wa bahari, wakati Arusha ipo kwenye 1,400 huko. Milima imeizunguka ila mji wenyewe umekaa kwenye karai, joto la mchana halina tofauti na Dar ya Januari, na hoteli yetu ya bei ndogo haikuwa na eesii. Usiku wa kwanza hatukulala, watoto wanalia, tunafungua dirisha mbu wanaingia.

Kesho yake dada wa usafi ndiye alinifundisha. Kuna yale mapazia magumu ya nje yanayoviringika, unavuta mkanda wa pembeni ya dirisha. Asubuhi jua likianza kupiga unayashusha yote na madirisha unafunga, chumba kinakaa giza mchana kutwa, halafu alasiri kuna upepo unapanda toka upande wa ziwa Garda, wanauita Ora, ukianza ndo unafungua. Tulifanya hivyo na kweli tofauti tuliiona, watoto wakalala.

Kingine, bafuni kuna kamba inaning'inia karibu na shawa. Si ya taa. Ni ya kuita msaada kama mtu kaanguka. Mwanangu aliivuta, baba wa watu wa risepsheni alipanda ghorofa tatu mbio, kafika anahema kashika moyo. Niliomba radhi mpaka nikaishiwa maneno, yeye akamchukua mtoto akamwelekeza taratibu kamba ni ya nini, hakukasirika hata kidogo. Waonyesheni watoto siku ya kwanza.

Mtu_wa_Kilombero

Nimesoma yote kimya sasa naweka yangu. Mimi nimezaliwa Mang'ula, pale chini ya milima ya Udzungwa. Mwaka juzi nilikwenda Trento kumsindikiza mwanangu anaanza masomo, tukalala usiku nne hoteli ya karibu na reli, treni za mizigo zinapita usiku kucha na kitanda kinasikia. Siku ya pili mvua toka asubuhi. Hoteli ilitupa kadi ya wageni kwa kuwa tulikaa zaidi ya usiku mbili, unapanda mabasi na treni za mkoa na kuingia makumbusho bila kulipa tena. Mwanangu akasema baba twende basi makumbusho ya sayansi, yanaitwa MUSE, jengo la yule msanifu Renzo Piano, lilifunguliwa 2013. Mimi nilikwenda kukwepa mvua tu.

Tumezunguka, wanyama waliokaushwa wananing'inia hewani toka juu mpaka chini, vizuri. Halafu tukafungua mlango wa nyumba ya vioo. Wakuu, joto lilelile. Unyevu uleule, harufu ya udongo uliolowa na majani. Miwani yangu ikaingia ukungu nikaivua, nikasimama. Mwanangu akasoma bango akanishika mkono, akasema baba hii ni Udzungwa. Wamejenga msitu wa kwetu, kwa jina lake, ndani ya Trento, nje kuna mvua ya baridi na milima ya mawe.

Nikakumbuka kumbe hawa ndio wenye kile kituo cha utafiti pale Mang'ula, kilichoanza 2006, vijana wa nyumbani wamefanya kazi pale miaka mingi, na yule sengi mkubwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye uso wa kijivu aliyetangazwa rasmi 2008, mmoja wa waliomgundua alikuwa mtu wa makumbusho hayohayo. Hayo yote nilikuwa nayajua kwa kuyasikia, ila sikuwahi kuwaza kwamba upande wa pili wa habari ile ni mji huu nilioulalia kwa euro 49.

Tulikaa mle zaidi ya saa moja. Jioni nikamweleza mzee wa risepsheni kwa msaada wa mwanangu kwamba ule msitu ndiko nilikozaliwa. Akatoka nyuma ya kaunta akanipa mkono. Akasema mjukuu wake kila akija anataka kupelekwa mle kwenye joto. Kisha akaandika "Mang'ula" kwenye kitabu chake cha wageni na kuniuliza herufi moja moja, ile alama ya katikati inasomwaje.

Bint_Pangani

Baba Kilombero shikamoo. Nimekaa miaka tisa saa moja toka hapo na sijui. Jumapili ijayo naenda.

Mjukuu_wa_Ngulelo

Shikamoo mzee wa Kilombero. Hiyo hoteli ina lifti? Naenda mwezi wa nne na mama yangu, magoti yanamsumbua, hawezi ngazi.

Mtu_wa_Kilombero

Marahaba. Haina, na sisi tulikuwa ghorofa ya tatu, usimpeleke mama hapo. Majengo mengi ya bei hiyo ni ya zamani, nyingine zina lifti inayoanzia ghorofa ya kwanza, bado ngazi za mlangoni zipo. Waandikie kabla hujabuku, uliza "c'è l'ascensore?" na uombe chumba cha chini. Na ukipata hoteli ya karibu na reli, chukua chumba kisichotazama reli ili alale.