Minnesota: mimi na shemeji tunanunua boti ya futi 18. Sheria zikoje na tuanzie wapi?

Mkerewe_MN

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa mliotangulia kumiliki boti huku Marekani, hasa hapa Minnesota.

Tunakaa Brooklyn Park. Tumepata boti ya mkononi, ya alumini, futi 18, injini ya nje HP 50 (nguvu za farasi 50), na trela lake. Muuzaji ni mtu binafsi, si duka. Tunaitaka kwa kuvua na kutembeza familia kiangazi, zaidi kwenye maziwa ya Minnetonka na Mille Lacs.

Sasa kazini mmoja kaniambia ziwani hakuna leseni, unawasha unaondoka. Mwingine kasema sheria imebadilika juzi juzi. Mimi nimezaliwa 1985, shemeji 1992, kijana wangu ana miaka 16 na ndiye mwenye hamu ya usukani kuliko wote. Nina binti wa miaka 8. Mke wangu hajui kuogelea, na amesema hapandi mpaka nimpe majibu yanayoeleweka. Naona ana haki.

Nieleweshwe kibali, vifaa vya lazima, na kama kuna polisi wa ziwani au la. Pia safari ya kwanza jamaa wa kanisani wameshajipanga, tunafika tisa.

Baharia_Duluth

Karibu sana mkuu. Wote wawili wamekuambia nusu.

Sheria mpya ya kibali cha kuendesha boti ilianza tarehe 1 Julai 2025 na inaingia kwa awamu kufuata mwaka wa kuzaliwa. Waliozaliwa kuanzia Julai 2004 wameanza nao. Kila mwaka wanaongezwa wakubwa zaidi, hadi tarehe 1 Julai 2028 itakapomkuta kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 1987. Kwa hiyo wewe wa 1985 hulazimiki. Shemeji wa 1992 itamkuta 2028. Kijana anahitaji kibali, na asishike usukani wa HP 50 kabla hajakipata. Kozi inasomwa mtandaoni, ina mtihani, na kibali hakiishi muda wake. Someni wote watatu. Wewe hulazimiki kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa tu, si kwamba unajua kitu ambacho kijana hajui.

Polisi wapo. Masherifu wa kaunti wana boti zao za doria, na maofisa wa Idara ya Maliasili, DNR, nao wanazunguka. Minnetonka usiichukulie kama maziwa mengine, ina kanuni zake: mwendo usizidi maili 40 kwa saa mchana na 20 usiku, na kuna sehemu unatakiwa utembee polepole bila kuacha wimbi. Kuvua samaki ni leseni nyingine kabisa, kwa mwenye miaka 16 na kuendelea.

Muuguzi_StPaul

Kaka Mkerewe, mimi najibu kwa ajili ya mkeo, na naomba umsomee.

Sheria ya Minnesota inataka kila aliyemo botini awe na jaketi okozi lililoidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, linalomtosha kwa uzito na kifua, lisilochanika, na lililo mahali pa kufikiwa haraka. Yaliyofungiwa kwenye kabati bado yakiwa na nailoni ya dukani hayahesabiki. Boti ikiwa futi 16 au zaidi, kama hiyo yenu, kuwe na boya moja la kurusha pia. Mtoto chini ya miaka 10 lazima awe amelivaa muda wote boti inapotembea, kwa hiyo binti yako hilo halina mjadala. Mtu mzima anatakiwa awe nalo, halazimishwi kulivaa.

Hapo kwa mtu mzima ndipo ninapoomba mnisikilize. Mwaka 2023 Walinzi wa Pwani walihesabu vifo 564 kwenye boti za starehe Marekani nzima. Pale chanzo cha kifo kilipojulikana, watu 75 katika kila 100 walizama, na kati ya waliozama 87 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. Wengi wa hao walikuwa watu wazima ambao sheria za majimbo yao haziwalazimishi kulivaa. Jaketi lililo chini ya kiti halimfai mtu aliyekwisha kuanguka, kwa sababu boti imeshampita.

Na maji ya huku si ya Mwanza. Barafu ikiyeyuka Aprili, hata mwanzoni mwa Mei, maji yanaweza kuwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huku juu jua linawaka na watu wako na fulana. Mwili ukitumbukia ghafla kwenye baridi ile, pumzi inakatika na unavuta hewa kwa nguvu bila hiari yako. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, unavuta maji. Ukivuka dakika hiyo ya kwanza, unabaki na kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Baada ya hapo vidole havishiki hata kamba uliyorushiwa. Baridi yenyewe kukuua inachukua karibu saa nzima au zaidi, lakini wengi hawafiki huko. Wanazama mapema kwa sababu misuli imegoma, hata waogeleaji wazuri. Kulivaa jaketi ukiwa tayari majini, na mikono ile, ni kazi ambayo wachache wanaiweza.

Mke asiyejua kuogelea asikae botini bila jaketi hata mmetia nanga. Na wewe vaa, maana nahodha akianguka hakuna wa kurudi kumchukua.

Jangwa_Phoenix

Dada umesema vizuri, ila tusimtishe mwenzetu. Sheria yenyewe haisemi mtu mzima avae. Watu wanatoka kila wikiendi bila kuvaa, na wanarudi.

Muuguzi_StPaul

Ni kweli ndugu, sheria haisemi, nami nimeandika hivyo hivyo. Ila kaka hakuuliza kuhusu faini peke yake, ameuliza kwa niaba ya mke asiyejua kuogelea. Siku hizi kuna majaketi membamba ya kujaa upepo, yanakaa kama mikanda ya begani, joto halikusumbui. Ukinunua hayo, soma lebo, maana hayawafai watoto na mengine hayahesabiki kama hujayavaa.

Mzee_wa_Shela

Assalam alaykum vijana. Mimi niko upande wa Wisconsin, ng'ambo ya mto St. Croix, na vyombo nimekua navyo toka Lamu.

Kozi itakuambia yote, lakini nikupe ya kutangulia nayo. Mkija uso kwa uso, kila mmoja apinde kuliani kwake, mpishane kushoto kwa kushoto. Njia zikikatana, wewe ndiye umpishe aliye kuliani mwako: punguza, au pita nyuma yake, usijaribu kumuwahi mbele. Ukimpita aliye mbele yako, mzigo wa kukwepa ni wako. Mwenye tanga na mwenye kasia waachie maji. Mtoni, ukipanda kwenda juu, maboya mekundu yawe kuliani. Na mabwawa ya mtoni uyaogope, juu yake na chini yake. Hapo kwenu Brooklyn Park mnalo la Coon Rapids kwenye Mississippi. Maji yanayoanguka kwenye bwawa hujirudisha nyuma na kuvuta chombo kwenye ukuta, na injini ya HP 50 isikupe jeuri.

Jua likizama, taa ziwake: nyekundu na kijani omoni, yaani mbele ya chombo, nyeupe nyuma ionekane pande zote. Pembe au filimbi uwe nayo. Ile kamba ya kuzimia injini ifunge kwenye mkono au jaketi lako. Toka Aprili 2021 ni sheria ya serikali kuu kwa boti chini ya futi 26 zilizofungwa swichi hiyo, ukiwa mwendo wa kasi. Ukianguka, injini inazima, chombo hakikuzunguki na propela yake. Watoto wasikae ukingoni wala omoni miguu inaning'inia nje boti ikienda. Hilo nalo Minnesota wamelikataza pale pasipo na vyuma vya kuzuia.

Jengine ambalo wageni hulisahau ni nguruzi, kile kizibo cha kutolea maji. Kabla ya kushusha chombo, kitie. Ukishakipandisha kwenye trela, kitoe, maji yote yatoke, na uende nacho barabarani kikiwa kimetolewa. Minnesota ni sheria, na wanatoza faini. Sababu ni kome wadogo wenye milia walioletwa na meli kutoka ng'ambo. Wanaganda kwenye mabomba na injini, na wanahama ziwa hadi ziwa ndani ya maji hayo unayoyaona machache. Ondoa na majani yote kwenye trela na nanga. Chambo kilichobaki usikimwage ziwani.

Ukivuka kuja kwetu, Wisconsin aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1989 au baadaye lazima awe amesoma kozi. Shemeji yako wa 1992 yumo.

Kaka_Tampa

Naongezea kwa wanaosoma uzi huu wakiwa majimbo mengine: msichukue majibu ya Minnesota mkayatumia kwenu. Huku Florida ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1988, kwa injini ya HP 10 na zaidi. Texas ni kuanzia tarehe 1 Septemba 1993, injini ikizidi HP 15. New York tangu Januari 2025 ni kila anayeendesha boti ya injini, umri wowote. Angalieni tovuti ya jimbo lenu, si ya jimbo la binamu.

Mkerewe_MN

Nashukuru kutoka moyoni. Mke amesoma, ameuliza majaketi yanauzwa wapi, kwa hiyo hatua imepigwa.

Bado mawili. Wale watu tisa, boti ya futi 18 inawabeba? Na wapo wanaopenda kubeba bia. Ikoje?

Baharia_Duluth

Boti ya namna hiyo, chini ya futi 20, huwa na kibati karibu na usukani kinachosema idadi ya watu, uzito wote na ukubwa wa injini. Kinachosomeka hapo ndicho kikomo. Kikiwa kimeng'oka, kanuni inayotumika ni urefu mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 18 kwa 6 inakupa watu saba, siku ya maji tulivu. Mille Lacs ni pana na ya kina kifupi, upepo ukianza inachafuka haraka, hapo saba ni wengi. Na usihesabu watu ukasahau uzito wa mafuta, betri na kreti ya barafu.

Wewe ni Mkerewe. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na zaidi ya 200 wakafa wakiwa karibu kabisa kufika. Jamaa wa kanisani wataelewa ukiwaambia mtaenda kwa zamu mbili.

Pombe: kikomo cha nahodha ni asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu, sawa na gari. Abiria hajakatazwa kunywa, lakini jua, mtikisiko na bia ndivyo vinavyoangusha watu majini. Tangu Agosti 2018 Minnesota imeunganisha mambo: ukihukumiwa kwa kuendesha boti umelewa, leseni yako ya gari inaguswa, na ukihukumiwa kwa gari, boti nayo unafungiwa. Anayesubiri uraia akumbuke fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, na haitofautishi ziwa na barabara. Boti yangu haibebi pombe kabisa. Wageni nawaambia kabla hatujatoka nyumbani.

Muuguzi_StPaul

Naunga mkono. Na kabla ya kutoka mwachieni mtu nchi kavu ujumbe: mnaenda ziwa gani, mmeshukia gati lipi, mnarudi saa ngapi. Simu ikae kwenye mfuko usioingia maji.

Fundi_Rochester

Mkuu, kabla hujatoa pesa kamalize karatasi. Boti inayozidi futi 16 Minnesota inatakiwa iwe na hati ya umiliki, na lazima iandikishwe. Usajili ni wa miaka mitatu, unafanyika kwenye ofisi zile zile zinazoshughulikia magari. Trela lina karatasi zake peke yake. Muuzaji akisema hati imepotea, mwambie aombe nakala kwanza, usimwachie hata amana.

Nyuma ya boti upande wa kulia, juu, kuna namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12. Ilinganishe na hati, moja moja. Zile namba zinazoanza na MN zikae pande zote mbili za omo, herufi za inchi 3, rangi inayoonekana. Kama tangi la mafuta limejengewa ndani, utahitaji kizima moto. Soma mwaka uliogongwa chini ya mtungi, maana ile ya kutupwa ikizidi miaka 12 haikubaliki.

Injini usikubali kuiona ikiwashwa kwa mpira wa bustani tu. Mwambie mkaishushe ziwani, iende dakika ishirini, halafu ipandisheni na muangalie kama maji yanayotoka kwenye tundu la kizibo ni mengi kuliko inavyopaswa. Alumini ya zamani inavuja kwenye ribiti.

Mkerewe_MN

Jumamosi tunakwenda kumwona muuzaji na shemeji, na nimemwomba aje na hati. Kijana ameanza kozi jana usiku. Nitaleta mrejesho.