Ripoti ni kazi yangu, jina ni la mtu mwengine. Ninyamaze ama niseme?

binti_wa_Tudor
Salaam zenu. Mie nasoma injinia ya mekanika, niko mwaka wa nne, sai niko atachimenti (mafunzo ya kazini) kampuni moja huku Shimanzi, Mombasa (jina siweki). Karakana nzima msichana ni mie peke yangu, na kuna mwanafunzi mwengine, kijana wa Kizungu ametoka Ulaya, kimasomo niko mbele yake. Supavaiza akifungua mashine yuwamwita yeye, mie naambiwa "we andika hizo geji", yaani namba za vipimo vya presha, ama nikaangalie chai imefika. Haya, nikaandika geji. Sasa kuna pampu ya maji ya chumvi ilianza kulia kama inasaga changarawe, mafundi wakasema beringi zimekwisha ziagizwe, lakini mie kwa vile ndiye naandika zile geji kila siku nikaona presha ya upande wa kuvuta inashuka pole pole, nikachora grafu nikawaambia jamani fungueni kichujio kwanza, hii pampu haipati maji ya kutosha. Wakacheka. Baada ya chai yule kijana akasema maneno yaleyale, mara kichujio kikafunguliwa, kimejaa mwani na makome, kusafishwa tu pampu ikanyamaza. Ripoti imeenda kwa bosi na jina lake na grafu ni ile yangu!! Mamangu aniambia niwache yapite nipate cheti changu. Nyinyi mwaonaje

fundi_kreni
Pole dada lakini usiikuze. Atachi wote hutumwa chai, mimi pia nilifagia sana karakana za watu. Hiyo si rangi wala si uanamke, ni ugeni tu

Mama_Injinia_Likoni
Ugeni gani yakhe, kwani huyo kijana naye si mgeni? Mbona yeye hakufagia.
Mwanangu nisikize. Mimi niko kazi hii miaka mingi na mpaka leo nafika saiti na helmeti kichwani naulizwa "injinia atakuja saa ngapi". Utazoea kuulizwa, lakini kuibiwa kazi usizoee, manake ukimaliza chuo utajisajili EBK, ile bodi ya mainjinia Kenya, kama graduate injinia, na ukitaka kufika profeshonali lazima uonyeshe kazi uliyofanya mwenyewe, wewe, si "tulifanya". Kile kitabu cha geji walichokupa wakidhani ni kazi ya kukuweka pembeni ndio ushahidi wako, mwandiko ni wako na tarehe zipo. Kipige picha leo. Logbuku, daftari lako la kazi za kila siku, iandike siku hiyo hiyo na mwambie supavaiza asaini, asipotaka andika tu hakusaini.

kemia_na_kahawa
Yaliyokupata yana historia ndefu. Kulikuwa na Mmarekani mweusi Alice Ball, mwaka 1915 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata masters chuo cha Hawaii, akatafuta njia ya kuyafanya mafuta ya mti wa chaulmoogra yaweze kudungwa kwa sindano kwa wagonjwa wa ukoma. Alikufa 1916 na miaka 24 tu, kazi haijatoka. Rais wa chuo, Arthur Dean, akaiendeleza akaichapisha bila kumtaja na watu wakaiita njia ya Dean. Yule daktari aliyemshirikisha tangu mwanzo, Hollmann, ndiye aliyeandika 1922 kwamba ni njia ya Ball. Chuo kilimwekea kumbukumbu mwaka 2000, yaani alishakufa zamani!
Na kule NASA, shirika la anga la Marekani, hesabu walipewa wanawake kwa sababu ilionekana kazi ya chini, kama hizo geji zako. Mmoja wao, Katherine Johnson, alikuwa akiuliza kwa nini yeye haingii kwenye mikutano mpaka akaingizwa, na ripoti ya 1960 ikatoka na jina lake, mwanamke wa kwanza kitengo chao. Angenyamaza hiyo isingekuwepo.

wakili_wa_mtaani
Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chakataza kubagua kwa rangi, jinsia na mengine, hata kwa anayeomba kazi, na ukishtaki mwajiri ndiye athibitishe hakubagua. Lakini mie nisingeanzia huko na wewe bado uko atachimenti, kesi ni ndefu na wewe wataka kumaliza chuo. Anza na imeili fupi kwa supavaiza, umkopi mwalimu wako wa chuo: "Naomba jina langu liongezwe kwenye ripoti ya pampu, grafu na rekodi za presha ni zangu, nimeambatisha picha." Usiandike ubaguzi, usiandike nimeumia. Wakikataa kwa maandishi hapo una kitu mkononi

binti_wa_Tudor
Shikamoo mama, na ahsanteni wote. Imeili nishatuma, sijajibiwa. Mamangu hajui bado 😅

fundi_kreni
Haya, la mgeni mwenzako mmenishinda. Lakini huyo kijana mwenyewe asemaje?

binti_wa_Tudor
Yeye hana neno, asema aliambiwa tu aandike akaandika. Leo ameniomba namba za wiki hii. Nimempa PDF, jina langu liko kila ukurasa