Naombeni ushauri, mipapai na maji ya masika

Habari za mida hii wakuu. Nipo Goba, kiwanja kina mteremko, nyuma ya nyumba nina kibustani cha mchicha, chainizi na mipapai mitano ishabeba. Masika si ndo hiyo Machi mpaka Mei, na mi nikikumbuka 2024 Kimbunga Hidaya kilivyopita mwanzoni mwa mwezi wa 5 roho inaruka, upepo ulilaza mipapai miwili na matunda yake, mmoja ukadondokea banda la kuku (kuku wazima, namshukuru Mungu).

Ila shida kubwa kwangu ni maji. Yanashuka toka kwa jirani wa juu yanasimama kwenye mipapai kama siku 2 hivi, majani ya chini yanakuwa ya njano yanapukutika, halafu shina kwa chini linalainika, ukibonyeza kidole kinazama kabisa. Nimechimba mfereji, mvua moja tu ukajaa mchanga. Nikapanga viroba, maji yakapita pembeni kama vile hayajaviona. Mchicha nimeupandisha kwenye matuta, huo sina presha nao.

Sasa naomba kujua, mpapai wenye matunda niuwekee nguzo ngapi na nifunge na nini, maana kamba ya manila mwaka jana ilikula shina? Na mfereji niupanue au nimwage kokoto ili usizibe? Maji nayo yasiende kwa jirani wa chini jamani, yule mama mkali.