Kisu cha kambi: mgongo wa mm 5 unasaidia nini hasa?

Kigingi:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaojua visu. Ninahitaji kisu kimoja cha matembezi ya siku tatu hadi tano milimani. Kazi zake ni kupika, kuchonga vigingi vya hema, kuchuna mbuzi mara moja moja na kupasua vijiti vya kuwashia moto. Panga lipo, kwa hiyo sitafuti kisu cha kufyekea.

Nilichonacho kimefuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari: bapa sm 13, upana mm 30, mgongo mm 5. Mteremko wa makali, yaani sehemu ya ubavu inayopungua unene kuelekea makali, unaanzia katikati ya bapa. Kimenolewa hadi kinanyoa nywele za mkono, lakini karoti inapasuka badala ya kukatika, na kwenye kigingi kinateleza juu ya mti bila kuingia. Dukani kuna kisu cha Mora Companion chenye mgongo wa mm 2.5, nacho inaonekana nyembamba mno. Je, ninoe zaidi au tatizo ni unene?

FundiMsasa:
Mkuu, usiendelee kunoa. Kisu kinachonyoa nywele makali yake yako sawa. Kinachokukwamisha ni nyama, yaani unene wa chuma, iliyo nyuma ya makali, na hiyo huioni kwa kutazama mgongo.

Chukua kalipa (kifaa cha kupimia unene), pima mm 1 juu ya makali, kisha mm 5, kisha mm 10. Ukikosa kalipa, karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina unene wa karibu mm 0.1. Kunja au panga karatasi tano, zishike kando ya makali kwenye mwanga wa dirisha, ulinganishe. Kisu cha jikoni kizuri huwa na mm 0.2 hadi 0.3 hapo nyuma ya makali. Kisu cha porini kinachokata vizuri na kuvumilia kazi huwa na 0.4 hadi 0.6. Chako nadhani kinapita 1.

Sasa angalia hesabu ya mteremko. Chuma cha mm 4 chenye upana wa mm 40, kikichongwa kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kinakuwa na unene wa karibu mm 1 ukipima mm 10 juu ya makali. Chuma kilekile, upana uleule, mteremko ukianzia katikati, mahali hapohapo kina mm 2. Mgongo haujabadilika hata kidogo, lakini cha pili kinatanua karoti kama kabari. Ukikata polepole utaona: makali yanaingia robo ya karoti bila shida, kisha mabega ya bapa, yaani pale mteremko unapoanzia, yanafika, karoti inalia "ta!" na ufa unakimbia mbele ya kisu. Sehemu ya chini haijakatwa, imepasuliwa. Ndiyo maana vipande vinatoka vimepinda.

Kwenye kigingi ni jambo lilelile. Bega la mteremko linagusa mti mapema, linainua makali, kisu kinaruka. Ukiongeza nguvu ili kiingie, hapo ndipo watu wanajikata.

Mgunga:
Naongezea upande wa nguvu, maana unene una kazi yake na tusiudharau. Ugumu wa bapa dhidi ya kupinda unakwenda kwa mchemraba wa unene. Ukitoka mm 2.5 hadi mm 5 bapa linakuwa gumu kupinda mara nane, na uzito unaongezeka mara mbili tu. Kwa anayebanduabandua vitu kwa ncha, tofauti hiyo anaiona siku ya kwanza.

Pia kwenye kupasua kuni kwa kugonga mgongo, kisu kinene kinatanua ufa haraka. Chembamba kinazama na kubanwa pande zote mbili. Kwa mgunga mkavu au mti wowote wenye nyuzi zilizosokotana, mm 4 si anasa.

FundiMsasa:
Kweli kabisa, Mgunga, lakini yeye anapasua vijiti vya kuwashia, na panga analo. Kwa unene wa kifundo cha mkono, mm 3 zinatosha kabisa ukifuata utaratibu. Unene wa gogo usizidi urefu wa bapa ukitoa sm 4 au 5, ili ncha itokeze upande wa pili upate pa kugonga. Gonga kwa kipande cha mti, si jiwe wala nyundo. Mpini ubaki mlalo. Ukiinamisha mpini, nguvu zote zinahamia pale bapa linapokutana na msuka, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ukikuta fundo, toa kisu uanze upande mwingine.

Visu vingi vinavyovunjika kwenye kazi hii havivunjiki bapa. Vinavunjika msuka. Mhunzi akikata pale bapa linapoingia mpini kwa kona kali ya mraba, ufa unaanzia kwenye kona hiyo hata kama mgongo ni mm 6. Kona iwe ya mviringo wa mm 2 au 3. Nitanunua kisu cha mm 3 chenye msuka mpana kabla ya cha mm 6 chenye msuka mwembamba kama msumari.

mpishi_wa_kambi:
Angalieni panga la kawaida. Bapa lake lina karibu mm 2 na linaangusha miti. Panga la urefu wa sm 45 na upana wa sm 6 kwa unene huo lina chuma cha gramu kama 420. Lifanye mm 5, linapita kilo moja, mkono unachoka na bado halizami. Linalokata ni mwendo wa ncha na wembamba wa bapa. Lingekuwa nene lingebaki kuponda.

Kwa mbuzi mimi nasisitiza: mm 2 hadi 2.5, ncha nyembamba. Kisu kinene kwenye kuchuna kinasukuma ngozi badala ya kutenganisha utando, na mkono ukilazimisha unatoboa ngozi. Ila usikizungushe kwenye viungo kwa nguvu. Pinda kiungo kwa mkono mpaka kifunguke, ndipo kisu kipite kwenye kano.

Kigingi:
Nimepima. Mm 1 juu ya makali ni 1.2, mm 10 juu ni 3.8. Kwa hiyo FundiMsasa uko sahihi. Je, hiki kinaokoleka, au ninunue cha dukani?

FundiMsasa:
Kinaokoleka. Chuma cha springi ni kizuri kwa kazi hii. Lengo lako ni mm 0.5 nyuma ya makali, na mteremko uanzie juu zaidi, kutoka mm 15 juu ya makali ulipo sasa hadi karibu mm 22.

Paka mteremko wote wino wa maka peni. Laza kisu kwenye jiwe la kunolea lenye ukwaru wa namba 120 hadi 220, ukiacha nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja tu kati ya kona ya chini ya mgongo na jiwe. Sukuma mara kumi, tazama wino. Mwanzoni utaondoka kwenye bega peke yake, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona unaondoka kwenye makali, umeinua mgongo mno. Fanya mikwaruzo hamsini upande huu, hamsini ule, upime. Ukifanya upande mmoja mpaka mwisho ndipo ugeuze, makali yanahama kutoka katikati na kisu kitavuta upande mmoja kila ukikata. Kwa mkono ni kazi ya saa kadhaa.

Ukitumia mashine ya msasa, vidole viwe wazi bila glavu ili uhisi joto, na uchovye kwenye maji kila baada ya kupitisha mara moja. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimeshapita takriban nyuzi 290 za Selsiasi, na sehemu hiyo imelegea. Kuichovya baada ya hapo hakurudishi kitu. Utanoa, kesho makali yamejikunja. Grinda ya kukatia vyuma usiiguse kabisa kwenye makali, inaunguza kabla hujaona.

Ukifika 0.5, noa makali yenyewe kwa nyuzi 17 hadi 20 kila upande. Kwa bapa la mm 30 hiyo ni kuinua katikati ya mgongo mm 9 au 10 juu ya jiwe. Jaribu kwenye kigingi kikavu. Yakijikunja, ongeza nyuzi 2. Yakimeguka vipengo vidogo, ongeza pia, na uangalie kama chuma hakikuachwa kigumu mno kwa mhunzi.

Mgongo uache mm 5 karibu na mpini, punguza kuelekea ncha tu, uanzie theluthi ya mwisho, ufike kama mm 2.5. Ncha hapo itatoboa na kuchuna bila kuwa dhaifu.

Mgunga:
Na usiogope hiyo Companion. Mm 2.5 zake zinabeba kazi zako zote isipokuwa kubandua. Mteremko wake ni mmoja, unaanzia chini ya nusu ya bapa hadi kwenye makali, kwa hiyo ukinoa unalaza mteremko wote juu ya jiwe, huhitaji kukisia pembe. Ukitaka nene zaidi ya aina hiyohiyo ipo Garberg ya mm 3.2, na msuka wake unafika mwisho wa mpini.

mpishi_wa_kambi:
Kigingi, ukishapunguza, kipake mafuta ya kula mara moja. Chuma cha springi kilichotoka kwenye jiwe kikiwa na maji kinaota kutu usiku huohuo. Na kisikae ndani ya ala ya ngozi kikiwa na unyevu wa vitunguu.

Kigingi:
Asanteni sana wakuu. Naanza na jiwe la 120 kesho. Nikifika 0.5 nitarudi na vipimo vya mm 5 na mm 10, mniambie kama bega limeondoka la kutosha.