Kodi ya miezi sita kwa mkupuo Dodoma: mtumishi wa kawaida afanyeje?

Mgeni wa Makao Makuu:
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nimehamishiwa Dodoma kikazi. Nimepata chumba na sebule Nkuhungu, choo ndani, Luku ya kuchangia na wapangaji watatu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Kodi ya mwezi naimudu, ila kuitoa yote siku moja ndiko kunakonishinda. Je, hakuna sheria inayozuia jambo hili?

Wakili Kijana:
Pole sana, ndugu yangu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi na miezi ya kulipia mbele vimebaki kuwa makubaliano ya pande mbili. Dai mkataba wa maandishi na stakabadhi kabla ya kutoa hata shilingi.

Mama Nzuguni:
Mwanangu, naomba nami nieleze upande wetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na watumishi walipofika kwa maelfu walizikuta nyumba ni chache, nyingi zikiwa zimejengwa na watu binafsi kidogo kidogo, leo msingi, mwakani kuta. Nyumba yangu niliianza mwaka 2017 nikapaua mwaka 2021, na madirisha ya vyumba viwili vya nyuma niliyanunua kwa kodi ya miezi sita ya mpangaji wa kwanza. Mkopo wa nyumba wa benki unataka hati na riba yake ni kubwa, kwa hiyo benki yetu imekuwa mpangaji. Si haki kwake, nakiri.

Mpimaji:
Mama amegusa penyewe. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu, lakini nyumba ya kuuzwa haimsaidii anayetafuta chumba cha kupanga. Ninaona zijengwe nyingi za kupangisha kwa kodi ya kila mwezi, hasa huku Mtumba kwenye ofisi za wizara.

Mgeni wa Makao Makuu:
Nashukuru sana. Mama, shikamoo. Nimerudi kwa mwenye nyumba jioni hii, amekubali miezi mitatu kwa mkataba, kwa kuwa naye anahitaji fedha sasa: chumba kingine cha nyumba yake bado hakina dari.