Mkojo unaniunguza, nimeambiwa ninywe siki. Inatibu UTI kweli?

Ua_la_Asubuhi:
Habari zenu wapendwa. Tangu juzi kila nikienda haja ndogo naunguzwa, mkojo wenyewe matone mawili matatu, nikishatoka tu nabanwa tena. Chini ya kitovu kunauma, na mkojo umechafuka, una harufu kali. Homa sina. Shangazi kaniambia nichanganye siki ya tufaha na maji, ninywe asubuhi na jioni, na nyingine nijisafishie. Ya kunywa nimeanza, ya kujisafishia nimesita. Kwa aliyewahi kutumia, inatibu au nikapime? Nauliza kwa sababu sipendi kumeza antibayotiki ovyo.

Kipepeo:
Pole dada. Mimi ilinisaidia. Nilikuwa nakunywa siki na jagi la maji pembeni, siku chache tu ikaisha. Vumilia.

Darubini:
Pole sana mdogo wangu. Nafanya kazi maabara, kupima mikojo ndiyo shughuli yangu ya kila siku, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho.

Ya kujisafishia usiifanye kabisa. Siki ya chupani ina asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, na ngozi ya huko ni laini, itakuunguza. Tena ukeni kuna bakteria walinzi, laktobasili, wanaotengeneza asidi yao wenyewe ya kuwazuia wabaya. Ukiosha kwa siki unawavuruga hao, na mdudu wa UTI yuko juu kibofuni, hujamgusa.

Sasa ya kunywa. Ni kweli siki inaua bakteria: ukiwamwagia E. coli kwenye sahani ya maabara, wanakufa. Huyo ndiye anayeleta UTI nyingi. Anatoka utumbo mkubwa, na mrija wetu wa mkojo sisi wanawake una sentimita 4 hivi tu, kwa hiyo safari yake ni fupi. Lakini siki unayomeza haifiki kibofuni ikiwa siki. Inafyonzwa, mwili unaichoma kama unavyochoma chakula kingine, inaishia kuwa nguvu, maji na hewa unayoitoa kwa kupumua. Mkojo wenyewe kwa kawaida tayari una asidi kidogo, na E. coli anastawi humohumo.

Kipepeo, sikatai kwamba ulipona. UTI nyepesi kwa baadhi ya watu huisha yenyewe, na lile jagi la maji ndilo ningelipa sifa: maji mengi, mkojo mwingi, bakteria wanasukumwa nje. Kuna utafiti uliochapishwa 2018 kwa wanawake waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara na wanakunywa maji kidogo. Walioongeza lita 1.5 kwa siku, UTI zao zilipungua hadi karibu nusu ya zile za wenzao. Ila hiyo ni kinga. Aliyekwisha kuugua anahitaji vipimo.

Na antibayotiki kutozimeza ovyo uko sahihi kabisa, ndiyo sababu ya kupima. Toa mkojo kabla hujameza kidonge chochote. Jisafishe kwa maji, wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati, uufikishe maabara mapema. Ukikaa kwenye joto bakteria wanazaliana na majibu yanapotosha. Tukiuotesha tunaona mdudu gani na dawa gani inamuua. Majibu ya kuotesha huchukua siku 2 au 3 hivi, daktari anaweza kukuanzishia dawa wakati unasubiri, na dozi siku hizi mara nyingi ni fupi.

Baba_Mapacha:
Lakini hospitali si wanatumia asidi hiyohiyo kuosha kibofu? Niliwahi kusikia.

Darubini:
Ndiyo kaka, kwa baadhi ya wagonjwa wenye mpira wa mkojo. Ni ya asilimia 0.25, yaani mara 20 pungufu ya ile ya chupani, imetengenezwa kwa usafi wa hospitali na inapitishwa kwenye mpira hadi kibofuni. Hakuna anayeinywa. Na mwanaume, mtoto au mwenye kisukari akiona dalili hizi asijaribu chochote nyumbani, aende.

Ua_la_Asubuhi:
Asante sana dada. Sikusema mwanzo, nina mimba changa. Inabadilisha chochote?

Darubini:
Inabadilisha sana. Nenda leo, mdogo wangu. UTI kwenye ujauzito hupanda kwenye figo kwa urahisi zaidi, na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mtajie daktari umri wa mimba kabla hajaandika dawa, maana zipo zinazofaa miezi fulani na zisizofaa mingine. Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu yakianza, hata usiku wa manane usingoje kupambazuke.

Ua_la_Asubuhi:
Najiandaa. Kadi ya kliniki nibebe?

Darubini:
Beba, pamoja na dawa zote unazotumia, hata vidonge vya kuongeza damu.